Runinga ikichoma picha: Neno 'kuchomeka' na hasara ya mteja

"Kijana yangu, si ulisema imechomeka tu?" shangazi yangu alimuuliza fundi kwenye simu, sauti yake ikishindana na kelele za soko la Karatina.

"Ndiyo mathe, imechomeka. Ndiyo nakuambia haitengenezeki."

"Lakini hata ile ingine ilichomeka na ukaitengeneza!"

"Ile ingine ilichomeka taa. Hii imechomeka picha."

Simu ikakatwa. Dakika tano baadaye nikapigiwa mimi. Sababu aliyotoa shangazi ni kwamba nimesomesha Kiswahili miaka mingi na kwa hiyo nitaweza 'kuongea na huyu mtu'. Nilidhani ninaitwa kuamua ugomvi wa pesa. Nilipofika kwa fundi huyo, kwenye kibanda chake kando ya Barabara ya Gakere mjini Nyeri, niligundua kuwa wote wawili walikuwa wakisema ukweli. Kilichowagombanisha ni neno moja walilolitumia kwa maana mbili.

Makala haya yanalenga mambo mawili. Kwanza, nitaeleza kinachotokea skrini ya runinga inapobaki na alama ya picha isiyotoka, na kama alama hiyo yaweza kuondolewa. Pili, nitaonyesha kuwa upungufu wa istilahi katika jambo hili humtoa mtu pesa mfukoni.

Nianze na kisa chenyewe. Shangazi ana kihoteli karibu na soko. Wateja wake ni wachuuzi, makanga na madereva wanaoingia alfajiri kutafuta chai na mandazi, kisha jioni hurejea kutazama habari na kandanda. Kwa ajili yao alinunua runinga ya inchi 55 iliyotumika ng'ambo, ya aina ya OLED. Kwa miezi 14 iliwashwa saa kumi na moja alfajiri na kuzimwa saa nne usiku, takriban muda wote ikiwa kwenye kituo kimoja cha habari. Hizo ni zaidi ya saa 7,000. Siku moja mteja akabadilisha kituo ili watazame mpira. Nyasi za uwanja zikaonekana na nembo ya kile kituo cha habari pembeni, na chini kukawa na mstari uliofifia mahali ambapo utepe wa habari hupita. Kila kituo kilichofunguliwa kilikuwa na nembo ile ile.

Fundi alielezwa kwa simu kuwa 'kuna kitu kimebaki kwa skrini'. Akasema, "Hiyo imechomeka, ilete." Shangazi akakumbuka runinga yake ya awali, ambayo pia 'ilichomeka' na ikatengenezwa kwa siku mbili. Akailipia gari hii mpya hadi Nyeri na kutanguliza Sh3,000. Fundi alipoifungua alikuta kwamba haina hata taa za kubadilisha.

Tutazame neno lenyewe. Katika Kiswahili sanifu, kitenzi 'choma' kina maana ya kutoboa au kudunga kwa kitu chenye ncha, na pia ya kutia kitu motoni: mwiba humchoma mtu, na nyama huchomwa. 'Chomeka' nacho aghalabu hutumiwa kwa maana ya kuingiza kitu ndani ya kingine, ndiyo sababu husemwa kuwa mtu amechomeka shati. Mzungumzaji wa pwani akitaka kusema kuwa nyumba imeshika moto atasema imeungua, na ikiwa haikubaki kitu, imeteketea. Huku kwetu bara, kuanzia Nyeri, Nanyuki, Embu hadi Meru, 'kuchomeka' ndilo neno linalobeba mzigo huo wote. Nyumba huchomeka, chapati huchomeka, fyuzi huchomeka. Sina nia ya kumkosoa mtu kwa matumizi hayo. Ni kauli ya kutendeka iliyoundwa kwa kufuata kanuni za lugha, na imekita mizizi.

Tatizo ni wingi wa maana zake katika kibanda cha fundi. Nilimwomba fundi yule anitajie kila hali ambayo yeye huiita kuchomeka. Alinitajia tatu. Ya kwanza ni bodi ya pawa iliyoungua, mara nyingi umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kupotea. Runinga haiwaki kabisa. Ya pili ni taa za nyuma zilizoungua katika runinga za LCD, zile ambazo madukani huitwa LED. Sauti husikika, lakini skrini ni nyeusi au ina kiza upande mmoja. Ya tatu ni picha iliyobaki kwenye skrini. Mbili za kwanza hutengenezwa kila siku: kipande hutolewa, kingine hutiwa. Ya tatu haina kipande cha kutolewa ila skrini nzima, na bei ya skrini nzima hukaribia ya runinga nyingine.

Kwa hiyo mteja anaposikia 'imechomeka', anawaza balbu. Fundi anaposema neno hilo hilo huku akimaanisha hali ya tatu, anawaza kaburi. George Lakoff na Mark Johnson, katika kazi yao ya 1980 kuhusu sitiari, walisisitiza kwamba sitiari haipambi usemi tu, bali huelekeza jinsi tunavyofikiri na kutenda. Shangazi alitenda kulingana na sitiari aliyopewa. Kilichoungua hubadilishwa, naye akatoa pesa za kubadilisha.

Na sitiari yenyewe ina kasoro kubwa zaidi. Katika hali ya tatu, hakuna kilichoungua.

Katika runinga za zamani zenye kisogo kikubwa, na baadaye katika zile za plasma, picha ilitokana na unga maalumu uliopakwa nyuma ya kioo, unaong'aa unapopigwa na nishati. Kadiri unga huo unavyong'aa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Ikiwa nembo nyeupe itakaa mahali pamoja kwa maelfu ya saa, unga wa mahali hapo utachoka kabla ya ule wa jirani. Runinga za plasma ziliacha kutengenezwa na kampuni kubwa kati ya 2013 na 2014, na wengi wakadhani tatizo limezikwa pamoja nazo. Lilirudi na OLED. Katika skrini za aina hii hakuna taa ya nyuma. Kila pikseli, yaani kila kitone cha picha, hutoa mwanga wake chenyewe kupitia tabaka jembamba la kemikali za kaboni. Tabaka hilo huzeeka kwa kutumika, na sehemu zinazotoa mwanga wa buluu huzeeka upesi kuliko nyingine.

Basi ile nembo tuionayo juu ya nyasi haikuandikwa kwenye skrini. Ni sehemu iliyochoka, ambayo sasa inatoa mwanga hafifu kuliko majirani zake. Fikiria zulia la sebuleni. Mlangoni ambapo kila mgeni hukanyaga, nyuzi zimelala na rangi imepauka. Ukimwambia mtu 'kuna doa mlangoni', ataleta sabuni. Lakini pale hapana doa. Pamechakaa, na hakuna sabuni irudishayo nyuzi zilizokwisha.

Hata hivyo, zulia hilo hilo laweza kuwa na matope tu, na matope huoshwa. Hapa ndipo penye tofauti ambayo neno 'kuchomeka' linaificha. Zipo runinga ambazo picha hubaki kwa muda kisha ikatoweka. Hili hutokea sana katika LCD, ambamo fuwele za kimiminika hujipanga ili kupitisha au kuzuia mwanga wa taa za nyuma. Zikikaa muda mrefu katika mkao mmoja, chaji ya umeme hujikusanya na fuwele huchelewa kurudi katika hali yake. Baada ya kupumzishwa, au baada ya kuonyeshwa picha zinazosonga, kwa kawaida hurejea. Hata OLED yaweza kubaki na alama ya muda mfupi ambayo si uchakavu.

Nilipomuuliza fundi kama analijua jambo hili, alicheka. "Mwalimu, kuna ya kuisha na kuna ya kukaa. Shida ni watu wote wanasema ni moja." Nadhani hakuna mhadhiri angeweza kulipanga vizuri zaidi.

Mtu atajuaje kama yake ni ya kuisha au ya kukaa? Njia ni rahisi na haina malipo. Weka kwenye flashi picha zenye rangi moja tu zinazojaza skrini: kijivu, nyeupe, nyekundu, kijani na buluu. Zionyeshe moja baada ya nyingine chumba kikiwa na kiza kidogo. Kijivu ndicho hufichua zaidi. Ukiona alama, usiamue papo hapo. Onyesha vipindi vyenye picha zinazosonga kwa saa kadhaa, au izime runinga usiku kucha, kisha upime tena. Alama ikiwa imefifia, endelea hivyo hivyo. Ikiwa iko pale pale, na katika baadhi ya rangi inaonekana wazi kuliko nyingine, basi ni uchakavu. Anayenunua runinga ya OLED iliyotumika afanye kipimo hiki mbele ya muuzaji, kabla ya kutoa pesa. Shangazi hakukifanya, na mpaka leo hatuwezi kusema kama sehemu ya nembo ile haikuja nayo kutoka ng'ambo.

Kuna dawa moja ambayo runinga nyingi za OLED huja nayo. Katika menyu ya mipangilio ya picha huwa na huduma ya kusawazisha pikseli. Runinga hujipima yenyewe, hutambua pikseli zilizochoka, kisha huziongezea umeme ili zilingane na jirani zake. Usawazishaji mkubwa huweza kuchukua takriban saa moja, na skrini huwa imezimwa wakati huo. Huo ni usawazishaji, na msomaji asiuite uponyaji. Mwanga uliopotea haurudi. Kinachofanyika ni kupunguza pengo lionekanalo. Ndiyo sababu watengenezaji huonya kwamba huduma hiyo isitumiwe ovyo ovyo, kwani kuzisukuma pikseli zilizochoka ni kuzichosha zaidi.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba runinga hizi hujisawazisha kidogo zenyewe. Katika miundo mingi, baada ya kutumika kwa jumla ya saa nne hivi, runinga hufanya usawazishaji mfupi punde tu inapozimwa kwa rimoti, mradi umeme bado unafika. Fundi alimuuliza shangazi, "Mathe, wewe huzima aje?" Shangazi akajibu kwa fahari ya mtu anayejua kuweka akiba: "Nazima ukutani. Tokeni si ya kuchezea." Kila usiku kwa miezi 14 alikuwa akiinyima runinga dakika chache za kujitibu. Nasi wengine tungefanya vivyo hivyo, maana anayeishi mahali umeme hupotea na kurudi kwa nguvu huogopa kuacha kitu kwenye soketi. Suluhisho ni kuzima kwa rimoti kwanza, kusubiri kama saa moja, ndipo uzime ukutani. Kifaa cha kukinga runinga dhidi ya umeme unaopanda pia husaidia.

Kinga nyingine ni za kawaida. Punguza mwangaza, kwa sababu hotelini runinga nyingi huachwa kwenye mpangilio wa dukani, ulio mkali mno. Badilisha vituo. Washa huduma ya kusogeza picha kidogo kidogo na ile ya kupunguza mwanga wa nembo, ikiwa runinga unayo nayo. Na usisugue skrini kwa sabuni wala spiriti. Hapo utakuwa umeongeza jeraha la kweli juu ya lile ulilodhani ni doa.

Sasa turudi kwenye istilahi. Wanaounda istilahi za Kiswahili huzingatia vigezo kadhaa. Istilahi iwe sahihi, fupi, angavu, iweze kuzalisha maneno mengine, na juu ya yote ikubalike na watumiaji. Mashirika kama BAKITA, ambalo limekuwapo nchini Tanzania tangu 1967, yamefanya kazi kubwa ya usanifishaji. Lakini fundi wa Gakere hasubiri kikao. Mteja yuko mlangoni na anataka jibu leo. Kwa hiyo yafaa tuanze na maneno ambayo tayari yako vinywani.

Nimepima machache. 'Picha imeganda' halifai, kwa sababu sote tunalitumia kwa picha iliyokwama bila kusonga, hasa mvua ikinyesha. 'Doa' halifai kwa sababu nimekwisha kulieleza: linaita sabuni. 'Mchomo wa picha' ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, na inaturudisha kwenye moto ambao haupo. Isitoshe, katika Sheng 'kuchoma picha' ni kujiharibia sifa mbele ya watu. Wateja wa shangazi walilifurahia sana hilo. Kila alipolalamika kuwa runinga imechomeka picha, walimjibu kuwa ni kweli, imemchomea picha mbele ya mashabiki.

Pendekezo langu ni jozi: 'kivuli cha taswira' kwa ile ya kuisha, na 'kovu la taswira' kwa ile ya kukaa. Kivuli kila mtu anajua huondoka jua likisogea. Kovu kila mtu anajua hubaki, ingawa laweza kufifishwa. Maneno yote mawili ni mafupi, yanaeleweka bila kamusi, na yanabeba ndani yake jibu la swali la mteja: je, itatoka? Yanazalisha pia vitenzi vinavyofaa. Kivuli 'huondolewa', kovu 'husawazishwa'. Fundi atakayeahidi 'kuondoa kovu' atakuwa amejianika mwenyewe.

Atakayepinga anaweza kusema kwamba kovu hutokana na jeraha la ghafla, ilhali uchakavu huja polepole. Hoja hiyo ina uzito, na mhandisi anayeandika kitabu anaweza kupendelea 'uchakavu usio sawa wa pikseli'. Lakini maneno matano hayatatamkwa kibandani mbele ya foleni ya wateja. Pale panapogongana usahihi kamili na ukubalifu, na tofauti ya maana isipomdhuru mtu, mimi nitaegemea upande wa ukubalifu. Neno 'kuchomeka' limefeli kwa sababu tofauti liliyoificha ilimdhuru mtu.

Kisa kiliishaje? Tuliketi watatu kwenye viti vya plastiki. Fundi alidai kuwa amefanya kazi, amefungua na kufunga. Shangazi alidai kuwa hakutuma mtu kufungua kitu kisichotengenezeka. Nilichofanya ni kuwaomba wote waache lile neno kwa nusu saa. Kila mmoja aeleze bila kulitaja. Fundi akasema, "Skrini imezeeka hapa na hapa, na siwezi kuirudisha ujana." Shangazi akanyamaza, akaitazama. "Sasa ungesema hivyo," akamwambia, "ningeiacha Karatina."

Walikubaliana fundi abaki na Sh500 za kuifungua na arudishe Sh2,500. Jioni hiyo tuliendesha usawazishaji mara moja. Mstari wa chini ulififia hadi ukawa hauonekani isipokuwa kwenye kijivu. Nembo ilipungua lakini haikutoka. Mpira ukiwa kwenye nyasi za kijani, bado unaiona ukijua pa kutazama. Shangazi ameirudisha ukutani. Asubuhi sasa wateja husikiliza redio, na runinga huwashwa jioni tu. Usiku huzimwa kwa rimoti, akahesabu pesa zake, kisha ndipo akaizima ukutani.

Msomaji akipeleka runinga kwa fundi na kuambiwa imechomeka, namshauri asitoe hata shilingi kabla ya kuuliza maswali matatu. Imechomeka nini: bodi, taa, au picha? Kama ni picha, ni kivuli au ni kovu? Na kama ni kovu, ninalipia kipi hasa? Fundi mwaminifu hatachukia kuulizwa. Yule wa Gakere aliniambia kuwa maswali hayo yangemwokolea siku mbili.